Mhariri, viazi vichanga ni mboga, sio akiba

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalinunua pale kituoni Goba nikishuka kwenye daladala, nasoma, nalikunja, narudi kwenye cherehani yangu, wala sijawahi kuwaandikia. Ila ule ukurasa wenu wa kilimo wa majuzi kuhusu viazi mviringo umenifanya niache gauni la mteja mezani nishike kalamu, maana nimesoma mara mbili nikidhani labda macho yangu yana shida. Mwandishi wenu anasema viazi vya muda mfupi ukiona vimetoa maua tu basi vimekuwa, ng'oa, tia kwenye gunia, weka stoo utakula nusu mwaka, na mwenye friji aviweke kwenye friji ndo vitadumu zaidi. Jamani. Hapo kuna mambo mawili tofauti kabisa mmeyapika sufuria moja, kuna kuvuna kwa ajili ya kula wiki hii na kuna kuvuna kwa ajili ya kuweka, na mtu akivichanganya hivyo viwili harufu yake ataisikia mpaka kwa jirani.

Nayajua haya kwa sababu harufu hiyo imeshanitoka puani mwenyewe.

Nimezaliwa Njombe, upande wa Uwemba, kule ambako asubuhi ya mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Dar nimekuja kwa ndoa na sijarudi ila kwa misiba na likizo. Mama yangu bado yupo kule na bado analima, sio shamba kubwa la biashara, ni kipande nyuma ya nyumba na kingine kule bondeni kwenye vinyungu. Sasa mwaka juzi, mwezi wa kwanza mwishoni, kanipigia simu kasema mwanangu nimekutumia viazi kwenye Fuso, vipo karibu debe mbili, kesho uvipokee. Nikavipokea, viazi vizuri, vidogovidogo kama mayai ya kuku, ganda jembamba mpaka unaona kama linang'aa, udongo wa kwetu bado umeshika. Mimi kwa furaha nikachukua viwili vitatu nikachemsha usiku ule, vingine nikaviacha humohumo kwenye gunia lake, nikalifunga mdomo vizuri panya wasiingie, nikalisukuma stoo, na stoo yangu ni kile chumba cha nyuma chenye bati tupu bila dari. Siku ya nne nikaanza kusikia kitu. Siku ya sita mume wangu akauliza hivi kuna panya amefia humu ndani? Kufungua gunia, chini maji meusi, viazi vya katikati ukishika kidole kinazama, na ile harufu Mhariri wewe kama hujawahi kuinusa shukuru Mungu, harufu ya kiazi kilichooza inashinda ya samaki.

Nikampigia mama nikitaka kulalamika eti viazi vyako vilikuwa na ugonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Mwanangu, mimi nimekutumia mboga, wewe umeweka akiba. Viazi vichanga vile, vya akiba si mpaka mwezi wa nne?" Nikaona aibu, maana hiyo nilifundishwa nikiwa na miaka saba, mjini hapa imeniyeyuka kichwani.

Sasa ngoja niieleze kama nilivyofundishwa, na vingine nimekuja kuvielewa sababu yake ukubwani.

Kiazi kichanga ni kiazi ambacho ganda lake bado halijashika. Ukikipapasa na dole gumba ukakisukuma kwa nguvu kidogo, ganda linachubuka lenyewe kama ngozi ya maziwa, huhitaji kisu. Hicho ni kitamu sana, kina maji mengi, kina kautamu ka sukari kwa sababu wanga haujajikusanya bado, ukikichemsha na ganda lake na chumvi hakivurugiki. Ila ganda ndo koti lake. Kisipokuwa na koti maji yanamtoka haraka, anasinyaa, na kila palipochubuka ni mlango wa kuozea. Kwa hiyo kiazi kichanga unakichukulia kama mchicha tu, unang'oa cha kula leo na kesho, kikizidi sana wiki moja na zaidi kidogo, na hapo kama umekiweka pazuri. Hakuna stoo duniani itakayokigeuza kuwa cha miezi sita.

Haya, utajuaje vimefikia kuliwa? Hapo kwenye maua mwandishi wenu hakukosea sana, alikosea pale alipofanya maua ndo kila kitu. Aina nyingi za muda mfupi zikifika siku 70 mpaka 90 tangu kupandwa zinakuwa na viazi vya kula, na mara nyingi ndo wakati maua yanafunguka au yameanza kudondoka. Lakini kuna aina zinaangusha vitumba kabla hata havijafunguka, na kuna msimu mmea hautoi maua kabisa na viazi viko chini vinakusubiri wewe unaesubiri maua. Mama yangu maua anayaangalia kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani, anajua inaweza kuwa imesimama. Anachoamini ni mkono. Anapiga goti, anaingiza vidole pembeni mwa tuta taratibu, anapapasa mpaka akute, kama ni saizi ya yai anachukua kile na mwenzake mmoja, vile vidogo kama gololi anaviacha, anarudishia udongo na kuugandamiza kidogo kwa kiganja, mmea unaendelea kama hakuna kilichotokea. Anapita hivyo mashina kumi na tano anapata mboga ya jioni na hajang'oa hata shina moja! Sisi watoto tulikuwa tunaita kuibia kiazi, na tulikuwa tunachapwa tukifanya wenyewe maana sisi tulikuwa tunakata mizizi.

Na tusisahau kwa nini kule juu watu wanavikimbilia hivyo vichanga. Mwezi wa kwanza na wa pili ni wakati ambao mahindi ya mwaka jana yamekwisha au yako chini ya kihenge na mapya bado mabichi. Kiazi kichanga ndo kinawavusha. Hakikuwa kitu cha anasa kama ninavyoona sasa kwenye supamaketi za huku Masaki vimewekwa kwenye vifurushi vya wavu, vidogo, vimeoshwa, bei ya kukuliza.

Sasa upande wa pili, vya kuweka. Hapa ndo mmenikera zaidi kwa sababu hamkusema hata neno moja kuhusu kusubiri. Kiazi cha kuweka unakiacha mpaka majani yake yaanze kuwa ya njano na kulala yenyewe, au kama una haraka au umeona ukungu umeingia kwenye majani unayafyeka yote usawa wa ardhi na kuyatoa shambani, alafu unaondoka. Unaondoka kweli. Wiki mbili, na kama ardhi ni ya baridi hata tatu, huku viazi viko chini bila majani, hapo havikui tena ila ganda linakomaa na kushikana na nyama. Wiki mbili hizo ndo zinafanya tofauti kati ya kiazi cha siku sita na kiazi cha miezi. Ukitaka kujua tayari, ng'oa viwili, fanya ile ya dole gumba, likigoma kuchubuka unaita watoto na majembe. Kama unamwagilia, maji unayakata mapema, usivune kwenye tope, na usivune siku ya mvua kwa sababu tu gari limefika.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho naona watu wengi wanakiruka. Kiazi ukishakitoa kina majeraha, hata ufanye taratibu vipi, jembe limegusa hapa, kucha imegusa pale. Kina uwezo wa kujitibu chenyewe, kinaota ngozi mpya juu ya kidonda, lakini kinataka kama siku kumi mpaka wiki mbili mahali penye giza, pana hewa, pana ubaridi wa wastani na unyevu kidogo hewani, sio maji. Kule Njombe hiyo ni bure, unavimwaga kwenye chumba cha udongo juu ya nyasi kavu basi. Visioshwe, udongo uliokauka unadondoka wenyewe. Na vilivyokatwa na jembe wala usivibembeleze, hivyo ni vya jioni ileile.

Ila Mhariri, na mimi nijiulize, kama wakulima wanayajua haya (na wanayajua kuliko mimi na mwandishi wenu tukijumlishwa) mbona viazi vingi vinavyofika Dar vinachubuka kama vya mama yangu vya mwezi wa kwanza? Jibu wala sio ujinga. Anayevuna mapema anavuna wakati sokoni hakuna viazi, bei iko juu, dalali yuko shambani na hela mkononi, shule zimefunguliwa mwezi wa kwanza na mtoto anahitaji sare, wewe ungesubiri wiki mbili? Mimi nisingesubiri. Tatizo linaanza pale kiazi kichanga kinapopakiwa kama kiazi kilichokomaa. Kinajazwa kwenye gunia la lumbesa, lile lenye kichwa juu limeshonewa kamba kama mtu kavaa kilemba, ambalo kisheria halitakiwi kabisa na Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka na miaka, uzito mwisho kilo 100. Watu wakisikia lumbesa wanafikiria mkulima anavyopunjwa, na ni kweli anapunjwa, ila hata kiazi chenyewe kinaumia, cha chini kimebeba wenzake wote, kimepondeka kabla hata gari halijafika Makambako. Alafu ni karibu kilomita 700 mpaka hapa, Iringa, Mikumi, Morogoro, Chalinze, kote huko juu kuna turubai limefungwa kisawasawa kwa ajili ya mvua na chini injini inapuliza joto.

Kijana anayekaanga chipsi pale kona yetu ndo alinifungua macho kuhusu hilo turubai. Siku moja ananiita, "Maza, hebu njoo uone maajabu." Kapasua kiazi kikubwa kizuri, nje hakina hata doa, ndani katikati kuna weusi kama mtu kamwagia wino. Kapasua cha pili vilevile. Yeye anasema vimechomekewa dawa huko shambani, na wateja waliokaa kwenye mabenchi wakaanza stori zao za sumu. Hakuna dawa pale. Kiazi kinapumua kama mimi na wewe, na joto likipanda kinapumua kwa kasi zaidi, sasa ukikifunga mahali hewa haipiti, kile cha katikati kabisa ya kiazi kinakosa hewa na kufa, kinakuwa cheusi huku ganda linaendelea kupendeza. Ni kufungiwa tu. Nilimwambia asinunue gunia ambalo ukiingiza mkono katikati unahisi joto, siku hizi anafanya hivyo, wauzaji pale sokoni Mabibo wanamwita daktari kwa sababu anapima magunia homa.

Haya tuje nyumbani kwetu Dar, maana wasomaji wenu wengi ni wa hapa, na ushauri wa stoo ya Njombe huku haufanyi kazi. Mwezi wa kwanza na wa pili hapa joto mchana linapita nyuzi 30 na usiku halishuki ukaona ahueni. Kiazi kilichokomaa vizuri kinataka ubaridi wa nyuzi 7 mpaka 10 hivi ndo kikae miezi bila kuota, hiyo nyuzi 10 sisi tunaiona kwenye soda tu. Kwa hiyo tukubaliane kwamba Dar hatuhifadhi viazi, tunavichelewesha tu kuharibika. Mimi sasa hivi sinunui zaidi ya sado moja au mbili, wiki mbili ikizidi tatu vimeisha. Nikifika navimwaga vyote sakafuni navichagua kimojakimoja, chenye jeraha kinaenda jikoni, chenye unyevunyevu kinaenda nje, kimoja kilichoanza kuoza kinaharibu tenga zima. Vizuri naviweka kwenye tenga la fito, hewa inapita chini na pembeni, tenga liko juu ya matofali mawili chini ya kitanda cha chumba cha watoto upande usiopigwa na jua la jioni, na juu navifunika kwa gazeti. Ndio, lenu. Naomba radhi lakini kurasa zenu za katikati zinafanya kazi nzuri sana hapo.

Gazeti ni kwa ajili ya giza. Hapa nisisitize kidogo kwa sababu hiki ndo kinanitisha kuliko kuoza, kilichooza utakitupa mwenyewe lakini cha kijani watu wanakula. Pita soko lolote mchana, Buguruni, Temeke, popote, utaona mafungu ya viazi yamepangwa kwenye kiroba juani tangu saa 12 asubuhi, jioni vinaanza kuwa na rangi ya kijani kwa mbali, na vichanga vyenye ganda jembamba vinawahi zaidi. Ule ukijani wenyewe ni rangi ileile ya majani, hauna shida, shida ni kwamba mwanga ulioleta ukijani ndo huohuo unaofanya kiazi kitengeneze sumu yake, solanini, ambayo kinaitumia kujilinda na wadudu. Inachoma ulimi, ni chungu, ikizidi inaleta tumbo kukata na kutapika. Na kuchemsha hakuiondoi, kukaanga nako ni hivyohivyo, usidanganyike. Kama ni doa dogo menya kwa unene utupe maganda, machipukizi yachimbue na jicho lake, kama kiazi kizima kimekuwa kijani au ukionja kina uchungu kitupe tu, ni shilingi ngapi? Nimeshagombana na mawifi zangu kwa hili, wanasema naringa.

Friji sasa. Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 au 5, kwa kiazi hiyo ni baridi kali, na kikikaa kwenye baridi kali kinaanza kugeuza wanga wake kuwa sukari. Ukikichemsha hutaona tatizo sana, kitakuwa na utamutamu wa ajabu kama kiazi kitamu kilichokosea njia. Lakini ukikikaanga ile sukari inaungua kabla ndani hakujaiva, chipsi zinatoka za kahawia kama zimepikwa kwenye oili chafu, na hiyo kahawia inakuja na akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa chakula wanashauri tuipunguze. Wale wa chipsi mayai wanajua, ukiona chipsi zako zimekuwa nyeusinyeusi na mafuta ni mapya, kiazi ndo kina sukari. Na viazi vichanga navyo vina tatizo hilohilo hata bila friji, sukari bado nyingi na maji mengi, vinakunywa mafuta, vinalegea, kwa hiyo mwenye kibanda asinunue vichanga hata akiuziwa nusu bei. Mimi vile vidogo vya mama nikitaka vifike siku nne tano navitia droo ya chini ya friji kwenye mfuko wa karatasi na navichemsha tu, hapo sina ugomvi na mwandishi wenu.

Kuhusu vitunguu, wengi tunaviweka tenga moja na viazi kwa sababu vyote tumevinunua siku moja. Vitunguu vinataka pakavu kabisa, viazi vinatoa unyevu, mmoja lazima aumie na kwangu ni vitunguu vilivyoanza kuota. Nimevitenga, basi.

Mwaka jana nikasema na mimi nijaribu kulima hapahapa Goba, watu walinicheka mtaa mzima. Mama akanitumia mbegu kidogo, zimeshaanza kuota vizuri, nikachukua viroba kumi vya mchele vya kilo 25 nikavitoboa chini, nikaweka udongo na samadi robo tu, nikapanda mwisho wa mwezi wa tano ili nibahatishe kipupwe. Majani Mhariri! Yaliota mpaka watu wakawa wanauliza hii ni mboga gani, nikawa napandishia udongo kila wiki, maua kidogo sana, mwezi wa nane katikati nikaanza kupapasa kama mama. Viroba vingine unapapasa unakuta hakuna kitu, vingine viwili vitatu, kikubwa kuliko vyote yai la kuku. Nilipomwaga viroba vyote mwisho wa mwezi ndoo ndogo ya lita kumi haikujaa. Kiazi mviringo kinaweka viazi usiku ukiwa wa baridi, nyuzi 15 hivi ndo raha yake, usiku ukizidi nyuzi 20 mmea unabaki na majani, na usiku wa Goba hata kwenye kipupwe ni wa kubahatisha. Lakini tulivila vyote kwa wiki moja, na chumvi na pilipili ya kuponda, na kijana wa chipsi nilimpa vitano akasema maza hivi sio vya kukaanga, nikamwambia umeanza kuelewa.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu Dar ajaribu, ila avune vikiwa vichanga ale, asiote ndoto za stoo. Mwenye ndugu Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto amuombe avikomaze kwanza, amtumie kwenye gunia la wavu au tenga badala ya kiroba kile cha nailoni kisichopitisha hewa, na likifika alifungue usiku uleule, asisubiri Jumapili.

La mbegu sitalichimba, ila mkiandika tena naomba mtenganishe, maana makala yenu ilisema viazi vyote viwekwe gizani na hilo kwa mbegu sio kweli. Mbegu mama anaziweka juu ya chanja mahali penye mwanga wa pembeni usio jua kali, zinakuwa za kijani na machipukizi yanatoka mafupi manene yenye nguvu, ukiziweka gizani zinatoa machipukizi meupe marefu kama tambi yanavunjika ukiyagusa tu. Kijani kwa mbegu ni afya kwa sababu hakuna anayeila. Na juu yake anatandaza majani ya lantana, ule mti wa uani wenye maua ya rangi rangi na harufu kali, kwa ajili ya nondo wa viazi, wale ambao viwavi wao wanachimba mitaro ndani ya kiazi. Kama mnataka ya kitaalamu zaidi pigeni simu TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, wanashughulika na viazi hao, hata ninyi mngewauliza kabla ya kuchapa.

Niishie hapa, gauni la mteja bado liko mezani na harusi ni Jumamosi. Mama kapiga jana, anasema ameshafyeka majani wiki iliyopita, anasubiri. Nikamuuliza atatuma lini akasema, "Tulia, ganda bado linachubuka."

Msomaji wenu,
Fundi cherehani,
Goba, Dar es Salaam